Dola 5 au 15? Swali la kijana wa Olympic

Mtoto wa ndugu yangu anaishi Olympic, pale Kibera, si mbali na shule ya msingi yenye jina hilo. Mchana hufanya vibarua, usiku huandika. Juzi alinipigia simu, na baada ya shikamoo akaingia moja kwa moja: "Ami, nina elfu ishirini nimeweka. Nilipe ule uanachama mkubwa wa Medium wa mwaka mzima, ama ninunue betri ya laptopu?"

Betri yake imekufa. Stima ikipotea, na yeye kazi imekwisha. Nikamwambia anipe siku mbili, kwa sababu swali hili nimeulizwa na vijana wengine hapa Mombasa pia, na naona wengi wanalijibu kwa kusikia tu.

Medium ni mtandao wa kuandikia na kusomea makala. Ulianzishwa mwaka 2012 na Evan Williams, mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Hauweki matangazo. Fedha zake zinatoka kwa wasomaji wanaolipa uanachama, na tangu 2017 sehemu ya fedha hizo inagawiwa waandishi kupitia mpango wao wa washirika. Mwaka 2023 mpango huo ulifunguliwa kwa nchi nyingi zaidi, Kenya ikiwamo, na ndipo vijana wetu walipoanza kuuzungumzia kwa hamu.

Uanachama wa kawaida ni dola 5 kwa mwezi au dola 50 kwa mwaka. Uko wa juu, uitwao Friend of Medium, yaani Rafiki wa Medium, ambao ni dola 15 kwa mwezi au 150 kwa mwaka. Tukihesabu dola kwa shilingi 130, wa kawaida ni kama shilingi 650 kwa mwezi na wa juu ni 1,950. Kwa mwaka ni 6,500 dhidi ya 19,500. Hapo ndipo elfu ishirini za kijana zingekwenda, zote.

Sasa sikiza vizuri, maana kosa liko hapa. Vijana wengi wanadhani ukilipa dola 15, makala zako zitasukumwa mbele, au utalipwa zaidi kwa kila msomaji. Sivyo. Anayelipa dola 15 anawaongezea malipo waandishi ANAOWASOMA yeye. Medium wenyewe wanasema Rafiki akisoma makala, mwandishi hupata mara nne ya kile ambacho angepata kwa mwanachama wa kawaida. Kwa hiyo ukijipandisha daraja, anayefaidika ni yule uliyemsoma jana usiku. Wewe utafaidika pale tu Rafiki mwingine atakapokusoma, na hilo halitegemei kabisa kadi yako umelipa ngapi.

Nimfananishie mtu wa Kongowea. Ushuru wa sokoni unaulipa ili uruhusiwe kupanga nyanya zako. Huo ni ile dola 5, kwa sababu mwandishi anayetaka kulipwa katika mpango wa washirika sharti awe mwanachama. Dola 10 za juu ni kama kuzunguka sokoni ukinunua nyanya za wenzako kwa bei ya ukarimu. Ni jambo zuri, na mwenye nafasi alifanye. Lakini asijidanganye kuwa anakuza kibanda chake.

Kuna faida nyingine inayotajwa sana: Rafiki anaweza kumtumia mtu yeyote makala iliyofungwa kwa wanachama, na huyo mtu akaisoma bure. Kijana wangu alipenda hiyo. Alitaka kuwatumia watu wa mtaani makala zake kwenye WhatsApp. Nikamuuliza, makala za nani? Akasema zangu. Basi, mwandishi tayari anacho kiungo cha bure kwa kila makala yake aliyoifunga, hata akiwa mwanachama wa dola 5. Angelipa elfu kumi na tatu zaidi kwa mwaka ili apate kitu alichonacho mfukoni.

Kinachomletea mwandishi senti ni usomaji wenyewe. Msomaji anayefungua na kutoka haraka hahesabiwi. Medium huhesabu kuwa umesomwa mtu akikaa angalau sekunde 30. Kisha wanaangalia kama alipiga makofi, alijibu, au alikuwekea alama kwenye sentensi. Wapo pia wahariri wanaoteua makala zisukumwe kwa wasomaji wengi. Yote hayo yanahitaji kuandika mara kwa mara, na kuandika kunahitaji betri.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Wasomaji wengi wanaolipa huko wanasoma Kiingereza. Kijana anayeandika Kiswahili safi, hata kikiwa kitamu vipi, hatakuta huko wanachama wengi wa kumsoma. Sisemi aache Kiswahili; mimi mwenyewe ningeumia. Nasema asikilipie huko dola 15 akitarajia mavuno.

Wengine watauliza kuhusu Substack, ambako kufungua ukurasa ni bure na wao huchukua asilimia 10 ya kile wasomaji wako wanacholipa. Kwa karatasi ni biashara nzuri zaidi. Shida ni kwamba malipo yake yanapitia Stripe, na mkazi wa Kenya hawezi kufungua akaunti ya kawaida ya biashara ya Stripe kwa anwani ya hapa. Ndiyo maana wengi wanarudi Medium.

Kulipa kwenyewe si taabu siku hizi. Tangu 2022 kadi ya M-Pesa GlobalPay, waliyoitoa Safaricom na Visa, inafanya kazi bila akaunti ya benki. Ila kumbuka uanachama hujirudia wenyewe. Mwezi ukifika na salio lipo, zinakatwa.

Nani basi alipe dola 15? Mtu mwenye mshahara, anayesoma sana, na anayetaka waandishi anaowapenda wapate zaidi. Ndugu zetu walioko Gulf wenye vijana wanaoandika huku Kibera na Likoni, hao ningewashawishi bila haya. Dola zao zinaweza kumfikia kijana kwa kumsoma tu, mradi wamsome kweli, bila kufungua na kufunga.

Kijana nilimwambia alipe dola 5 za mwezi mmoja mmoja, wala si za mwaka, ingawa za mwaka zina nafuu ya dola 10. Miezi mitatu ikipita aangalie: kama alichopata hakijafika hata 1,950 alizolipa, ajue amenunua ruhusa ya kusoma, na aamue kama hiyo inamtosha. Akacheka. Jana amenitumia picha ya betri mpya ikiwa bado kwenye karatasi yake. Uanachama hajalipa bado. Anasema anamalizia kwanza makala moja juu ya Wanubi wa Makina, na anataka nimsomee kabla hajaitoa.