Mashine za mwigo zilivyowafikia watoto ambao Nintendo haikuwafikia

MTU aliyekulia jijini Moscow katika miaka ya 1990 akiulizwa ni mashine gani ya michezo ya video aliyoicheza kwanza, aghalabu hatataja Nintendo. Atataja Dendy. Wa Warsaw atasema Pegasus, wa Johannesburg atakumbuka Golden China, naye wa kusini mwa China atataja Xiaobawang. Majina ni manne na makasha yalitofautiana kwa rangi na umbo, lakini ndani mlikuwa na mtambo ule ule: nakala ya Family Computer, mashine ambayo kampuni ya Nintendo ilianza kuiuza nchini Japani mnamo Julai 15, 1983 kwa yeni 14,800. Nakala hizo zilitengenezwa bila ya idhini ya mwenyewe.

Kuinakili mashine hiyo hakukuwa muhali. Prosesa yake, yaani ubongo wa mtambo, ilitengenezwa na kampuni ya Ricoh kwa kufuata muundo wa 6502, chipu ya bei nafuu ya Kimarekani iliyokuwa sokoni tangu 1975 na iliyotumiwa pia katika kompyuta za Apple II. Ricoh iliongeza sehemu ya kutoa sauti, kisha ikaunda chipu ya pili ya kuchora picha kwenye runinga. Mhandisi aliyezielewa chipu hizo mbili alikuwa ameuelewa mtambo karibu wote. Isitoshe, mashine ya Japani haikuwa na kufuli lolote la kuzuia kaseti za watu baki. Nintendo ililiweka kufuli hilo katika toleo iliyolipeleka Marekani mwaka 1985, na kufikia hapo wezi walikwisha kuiona njia ya nyuma.

Kisiwani Taiwan, kampuni ya UMC, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilitoa chipu zake yenyewe zilizofanya kazi ya zile za Ricoh. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau wanapozibeza bidhaa hizi. Michezo ya Japani iliandikwa kwa ajili ya runinga zinazoonyesha picha 60 kwa sekunde, ilhali mfumo wa PAL, uliotumika katika sehemu kubwa ya Ulaya, China na hata hapa Afrika Mashariki, huonyesha 50. Nintendo ilipobuni mashine yake ya PAL ilibadilisha uwiano kati ya prosesa na chipu ya picha, na baadhi ya michezo ya zamani ikawa inavurugika picha au kukwama. Wahandisi wa Taiwan waliuhifadhi uwiano wa awali na kuongeza muda mtupu mwishoni mwa kila picha. Mchezo ulikwenda polepole kidogo, lakini ulikwenda. Kwa hiyo kaseti ya Kijapani iliyokataa kuchezeka sawasawa kwenye mashine halali ya Ulaya ilichezeka vyema kwenye mashine bandia. Huo si wizi mtupu; kuna ufundi ndani yake.

Baadaye kazi ya chipu zote iliingizwa katika kipande kimoja, kikafunikwa kwa tone la gundi jeusi juu ya bodi. Tangu hapo gharama ikaporomoka, na mashine nzima ikaweza kutoshea ndani ya kidhibiti cha mkononi.

Kisa cha Urusi ndicho kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu. Muungano wa Kisovieti ulisambaratika Desemba 1991. Maduka yalikuwa matupu, sarafu ilikuwa ikiyeyuka, na kampuni kubwa za Japani hazikuona soko pale. Kijana mmoja aliyeitwa Viktor Savyuk aliona kinyume chake. Alilipeleka wazo lake kwa Steepler, kampuni ya Moscow iliyojishughulisha na kompyuta, nayo ikakubali kuagiza mashine za mwigo kutoka Taiwan na kuziuza kwa jina la Dendy. Mauzo yalianza Desemba 1992.

Steepler haikuiuza Dendy kichinichini kama mchuuzi anayewakwepa askari wa jiji. Iliipa alama ya ndovu wa kijivu aliyechorwa na msanii wa vibonzo Ivan Maximov, ikaitangaza kwenye runinga na kufungua maduka. Kuanzia 1994 kikawapo hata kipindi cha runinga kuhusu michezo hiyo, kikiongozwa na mtangazaji Sergei Suponev, aliyependwa mno na watoto. Machoni pa mteja wa Urusi, hiyo ndiyo iliyokuwa bidhaa halisi. Halisi ya kumlinganishia hakuwahi kuiona.

Nintendo ilipozinduka, haikukimbilia mahakamani. Mnamo 1994 iliafikiana na Steepler iwe msambazaji wa mashine yake mpya zaidi, Super Nintendo, na suala la Dendy likaachwa lilivyo. Ni uamuzi wa kibiashara unaoeleweka: aliyeliteka soko kwa bidhaa ya magendo ndiye aliyekuwa na maduka, wateja na jina. Hata hivyo raha haikudumu. Steepler ilifilisika mwaka 1996, ikaiacha Dendy mikononi mwa wachuuzi wa kila aina. Urusi yenyewe ilijiunga na Mkataba wa Berne wa kulinda haki miliki Machi 1995, yaani zaidi ya miaka 2 baada ya Dendy ya kwanza kuuzwa.

Nchini Brazil, mambo yalisababishwa na serikali. Sheria ya mwaka 1984 ililitenga soko la kompyuta kwa ajili ya viwanda vya nyumbani, na bidhaa za kigeni zikabanwa. Kampuni za humo zikaziba pengo kwa kuiga. Gradiente, kampuni kubwa na yenye heshima, ilitoa Phantom System mwaka 1989. Dynacom ilikuwa na Dynavision, nayo CCE ikawa na Top Game. Uzio huo wa kisheria ulipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nintendo ilihitaji mshirika wa kuiingiza Brazil. Mwaka 1993 iliwakilishwa na Playtronic, ubia wa kampuni ya vitu vya kuchezea, Estrela, pamoja na Gradiente, ile ile iliyokuwa ikiinakili.

China nayo ilikuwa na hila ya aina yake. Kampuni ya Subor, au Xiaobawang, ya Zhongshan katika mkoa wa Guangdong, ilitambua kuwa mzazi wa Kichina hatatoa fedha ili mwanawe acheze. Basi mtambo ukavishwa kibao cha herufi kama cha kompyuta, ukatiwa mafunzo ya kupiga chapa na lugha ya programu ya BASIC, ukabatizwa jina la mashine ya kujifunzia. Nyota wa sinema Jackie Chan aliutangaza. Baba alinunua elimu. Mtoto, mlango ulipofungwa, alichomeka kaseti ya vita vya vifaru. Meneja aliyeijenga biashara hiyo, Duan Yongping, aliondoka mwaka 1995 na kuanzisha BBK, kampuni ambamo baadaye zilichipuka Oppo na Vivo, majina ambayo mnunuzi wa simu jijini Nairobi hahitaji kuelezwa.

Udanganyifu, hata hivyo, ulikuwapo na hauwezi kupakwa rangi. Kaseti ziliandikwa kuwa na michezo 9,999,999, lakini aliyeipitia orodha aligundua ni michezo michache tu inayorudiwa, mmoja ukianzia hatua ya pili, mwingine ya tatu. PolyStation ilifanana kwa umbo na PlayStation ya Sony. Ukifunua kifuniko kilichopaswa kuhifadhi diski, unakuta tundu la kaseti. Mzazi aliyejinyima kwa miezi kadhaa ili anunue mashine ya Sony na kuletewa teknolojia ya 1983 alikuwa ameibiwa, na hakuna namna nyingine ya kulieleza hilo.

Kisheria, mambo hayako wazi kama wanavyodhani walio wengi. Hataza hulinda uvumbuzi kwa takribani miaka 20, hivyo zile za Family Computer zilikwisha muda wake katikati ya miaka ya 2000. Anayetengeneza leo mtambo wenye muundo huo, akauuza kwa jina lake mwenyewe na bila ya michezo ya watu, kwa kawaida hana kosa. Michezo ndiyo yenye kesi, maadamu haki miliki yake hudumu kwa miongo mingi, na nembo za biashara hudumu kadiri zinavyosajiliwa upya. Ndiyo maana mfanyabiashara mmoja nchini Marekani alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwaka 2005 kwa kuuza vidhibiti vya Power Player vilivyojazwa michezo ya Nintendo na wengineo, wakati ambapo mitambo mitupu iliuzwa bila ya wasiwasi.

Mapambano hayo hayajaisha. Septemba 2024, polisi wa fedha wa Italia walitangaza kunasa mashine zipatazo 12,000 zilizotoka China zikiwa na nakala zaidi ya milioni 47 za michezo, nyingi zikiwa za Nintendo, Sega na Atari. Uchunguzi ulionyesha vilevile kwamba betri na nyaya zake hazikutimiza viwango vya usalama vya Ulaya. Hilo la pili huenda likamgusa mzazi kuliko lile la kwanza.

Kuna upande mmoja ambao kampuni zenyewe hazina hamu nao. Waandishi wa programu wa Taiwan na China walitunga pia michezo yao kwa ajili ya mashine hizi, mingine ya ajabu, kama Somari wa 1994, ambao ulimtia shujaa wa Nintendo, Mario, katika ulimwengu wa Sonic wa Sega. Hakuna kampuni inayoweza kuitoa upya michezo hiyo kihalali, wala hakuna ghala rasmi linaloihifadhi. Inapatikana ndani ya kaseti kuukuu zinazouzwa masokoni pamoja na redio mbovu, na wapenzi wa fani hii huzinunua, huzifungua, na kuyasoma yaliyomo kabla chipu hazijafa. Wengi wa waliozitunga hawakuandika majina yao popote.