Bahati Nasibu: Tuhesabu Kabla ya Kununua Tiketi



Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Ziwa Mweru hufungwa ili samaki wapate kuzaliana. Hapa Puta, kama kule Nchelenge na Kashikishi, hiyo ni miezi ya mifuko mitupu. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, na ndugu zetu wenye vibarua vya kupakia na kukausha samaki hukaa bila kazi. Huo ndio wakati ambao mtu huwa mwepesi kusikiliza habari za zawadi.

Msimu mmoja wa namna hiyo tulimshuhudia mfanyabiashara mmoja akileta baiskeli mpya sokoni. Aliiegemeza mahali pa kuonekana na watu wote, akaanza kuuza tiketi kwa kwacha 20 kila moja. Zikanunuliwa tiketi 500. Mwanachama wetu mmoja alinunua 20, yaani za kwacha 400, kwa fedha alizokuwa amezitunza kununulia nyuzi za nyavu. Alituambia, "Mwenye tiketi nyingi ndiye mwenye nafasi." Baiskeli ikaenda kwa mtu mwingine. Ziwa lilipofunguliwa, ndugu yetu aliingia majini na nyavu zenye matundu.

Hatuandiki haya ili kumcheka. Wengi wetu tulinunua pia. Tunaandika kwa sababu hesabu yake ni ya shule ya msingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya kabla ya kutoa fedha.

Basi tuifanye sasa. Tiketi 500 kwa kwacha 20 ni kwacha 10,000. Baiskeli ile dukani ilikuwa ya kwacha 3,000. Kwacha 7,000 zilibaki kwa mwenye mchezo. Ukizigawa zile 3,000 kwa tiketi 500, utaona kwamba kila tiketi ilikuwa na thamani ya kwacha 6. Kitu cha kwacha 6 tuliuziwa kwa kwacha 20.

Je, ndugu yetu alikosea kununua nyingi? Kwa upande mmoja alisema kweli. Mwenye tiketi moja alikuwa na nafasi 1 katika 500, na yeye alikuwa na nafasi 1 katika 25. Lakini kila tiketi aliyoiongeza ilimwongezea na hasara. Angenunua zote 500 angeshinda bila shaka yoyote, na angekuwa ameinunua baiskeli ya kwacha 3,000 kwa kwacha 10,000.

Wenye fedha nyingi wanaijua hesabu hii. Mwaka 1992, katika jimbo la Virginia, Marekani, kulikuwa na bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 44. Namba hizo zaweza kupangwa katika mafungu 7,059,052 tofauti, na tiketi ilikuwa dola 1. Zawadi ilikuwa imelimbikizwa hadi kufika dola milioni 27. Kundi la wawekezaji kutoka Australia, likiongozwa na Stefan Mandel, lilianza kununua kila fungu. Muda uliwaishia wakiwa na tiketi kama milioni 5, na wakashinda. Watu hao hawakuota namba. Walingoja mpaka zawadi ikapita kwa mbali bei ya tiketi zote, kisha wakaja na mamilioni yao. Sisi wa kwacha 20 hatuna njia hiyo.

Wako wanaosema, "Mwaka huu sikupata, mwakani ni zamu yangu." Ndugu, debe la tiketi halikumbuki nani alikosa. Mtu akinunua tiketi moja katika kila mchezo, akacheza michezo 500 kama ule wa baiskeli, atakuwa ametoa kwacha 10,000. Na katika kila watu 100 wanaofanya hivyo, kama 37 hawatapata baiskeli hata moja.

Wako pia wanaofuata namba za ndoto. Mvuvi wa chisense anajua kwamba usiku wa giza taa yake huwavuta samaki, na mbalamwezi ikiwaka atapata haba. Ujuzi huo ni mali yake, ameupata kwa kukesha ziwani. Ndani ya debe hakuna mwezi wala giza. Mjuzi na mjinga wako sawa.

Kwa mwanachama anayependa kucheza, shauri letu ni hili. Kwanza, uliza tiketi ni ngapi kabla ya kuuliza zawadi ni nini. Kwa baiskeli ile, kama zingeuzwa tiketi 150 tu, bei ingekuwa ya haki. Kila iliyozidi hapo ilikuwa faida ya muuzaji. Michezo ya kwenye simu haikuambii wachezaji ni wangapi, kwa hiyo huwezi kuhesabu. Pili, tiketi ziwe na namba na vishina, debe lifunguliwe mbele ya watu, na tiketi ambazo hazikuuzwa zisitiwe ndani, maana zikitiwa, muuzaji mwenyewe aweza kushinda. Tatu, nunua moja, kwa fedha ambayo ikipotea nyumbani hawatalala njaa. Fedha ya nyavu, ya unga na ya shule isiguswe.

Lakini iko bahati nasibu moja ambayo kila anayeingia hupata. Hapa tunaiita chilimba, ng'ambo ya ziwa wanaiita likelemba, na Tanzania ni upatu. Watu 9 wakiweka kwacha 350 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao atachukua kwacha 3,150. Tukianza Machi, hadi Novemba wote 9 watakuwa wamepata bei ya baiskeli kabla ziwa halijafungwa. Karatasi zinaokotwa kwa jambo moja tu, nani atangulie na nani afuate. Asiyeweza 350 ajiunge na kikundi cha 100.

Hatari yake tunaijua: aliyetangulia kuchukua aweza kukimbia. Kwa hiyo kila mtu awe na mdhamini, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Vikundi vitaandikishwa ziwa litakapofunguliwa. Ndugu yetu wa tiketi 20 ameomba awe wa kwanza kuandikwa. Amesema hata akiokota karatasi ya mwisho ataridhika, maana Novemba anaijua itafika.