Posho ya Nyumba Unapopanga kwa Shangazi

Nyumba nyingi za Chamazi hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Baba mdogo alinunua kiwanja wakati bei ikiwa bado chini, akaweka msingi, akaezeka vyumba viwili na kuhamia na familia yake, vilivyobaki akavimalizia kadiri fedha ilivyopatikana. Leo nyumba hiyo ina vyumba sita na banda la uani, na wanaoishi humo ni wapangaji na ndugu, wamechanganyika. Ndiyo maana swali hili hunifikia mara kwa mara kutoka Mbagala, Mbande na Chamazi yenyewe: mwajiri wangu anatoa posho ya nyumba, lakini mimi naishi kwa shangazi na kodi namlipa yeye. Je, ninaweza kuidai?

Unaweza. Hakuna sheria ya Tanzania inayosema kodi anayolipwa ndugu si kodi. Kinachotakiwa ni upangaji wa kweli, ambao hata mtu asiyewajua ninyi wawili akiuangalia atauona. Wengi hukwama hapo, kwa sababu ya aibu ya kumwomba shangazi karatasi, wala si kwa sababu wanadanganya.

Kwanza tuelewane fedha hii inatoka wapi. Tanzania haina mfuko wa serikali unaomlipia raia kodi ya nyumba. Ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini huelekezwa zaidi kwenye lishe, afya na elimu ya watoto. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, humfikia mzee wa miaka 70 na kuendelea, awe analala kwake au amepanga. Anayebaki ni mwajiri, na wajibu wake unatokana na mkataba wako wa ajira, kanuni za utumishi au makubaliano na chama cha wafanyakazi. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi: kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa, au ampe fedha ya kutosha kupanga, juu ya mshahara wake. Huku kwetu, itoe barua ya ajira kabatini uisome.

Utakuta moja ya mambo mawili. Ikiwa posho imeandikwa kama kiasi maalumu kinachoingia na mshahara kila mwezi, bila sharti, hiyo ni yako hata ukilala kwa mama yako bure, na ofisi haina sababu ya kukuuliza nani mwenye nyumba. Ikiwa imeandikwa kwamba mwajiri atakurudishia kodi uliyolipa, au atamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, hapo unadai kwa ushahidi, na undugu unaanza kuangaliwa.

Ushahidi gani? Mhasibu anataka kuona kiasi kinachojulikana, tarehe za kulipa, njia ambayo fedha ilipita na chumba chenyewe. Sasa angalia maisha yalivyo kwenye nyumba ya familia. Mwezi wa kwanza umempa shangazi shilingi 80,000. Mwezi wa pili umenunua umeme wa nyumba nzima na gunia la mchele. Mwezi wa tatu umelipa ada ya binamu yako na nauli ya bibi kwenda Muhimbili. Shangazi ameridhika kabisa, pengine kapata zaidi ya kodi. Lakini ukienda ofisini na hesabu hiyo, kodi inayoonekana ni ya mwezi mmoja. Mengine yote ni wema wa mpwa kwa shangazi yake, na wema hauna posho.

Dawa ni kutenganisha. Kodi ipite kwa simu au benki, kiasi kilekile, tarehe ileile au karibu yake, na ujumbe wa muamala uhifadhiwe. Mnaolipana mkononi, nunueni kitabu cha risiti; kama hakuna, daftari la kawaida linafaa, lenye tarehe, miezi inayolipiwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi zenu nyote. Mchele na ada viendelee kama zamani, ila visiingie kwenye daftari hilo.

Kuna namna ya kulileta jambo hili bila kumfanya mkubwa ajione anashukiwa. Msalimie, kaa chini, mwambie: “Shangazi, ofisini wananidai karatasi ya nyumba ndipo wanilipe. Naomba tuandikiane, ili hata kodi yako isichelewe.” Hilo la mwisho ni kweli tupu, na ndilo litakalomfanya akubali. Mpwa anayelipiwa kodi na kampuni hasumbui mwisho wa mwezi.

Kisheria mambo hayahitaji makubwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata ukifanywa kwa mdomo. Kodi ikilipwa kwa mwezi bila muda maalumu kutajwa, huo ni upangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja anatakiwa atoe notisi isiyopungua kipindi hicho. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, hivyo bei ni makubaliano yenu. Ila mwajiri anayerudisha fedha halipi kwa maneno ya mdomo. Andikeni ukurasa mmoja: majina kamili ya wote wawili, mtaa na namba ya nyumba, chumba kinachopangishwa (“chumba na sebule upande wa kulia, choo cha pamoja”), kodi kwa mwezi, inalipwa miezi mingapi kwa mkupuo, nani analipa umeme na maji, notisi, mashahidi wawili. Undugu wenu usifichwe. Ofisi ikija kuugundua baadaye kwa njia nyingine, karatasi safi itaanza kunuka.

Wengi hupeleka mkataba kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukagongwe muhuri wakadhani wamemaliza. Muhuri ule unasaidia kuonyesha kuwa mnaishi hapo na mnajulikana, lakini si ushuru wa stempu. Ushuru huo hulipwa TRA, ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka: kwa kodi ya 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka, ni shilingi 9,600. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe, na wakati huo ni pamoja na adhabu yake. Nimeona watu wakibana hiyo 9,600 kisha wakaitafuta kwa jasho siku ya ugomvi.

Kodi ya serikali nayo ina sehemu yake, na hapa ndipo ndugu hununiana. Mwajiri akimlipa shangazi moja kwa moja, anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Kwa miezi sita ya 80,000, jumla ni 480,000. Zuio ni 48,000. Shangazi anapokea 432,000. Asipoambiwa mapema ataamini mpwa wake kamla 48,000. Mweleze kabla ya kusaini, na mwajiri akishakata, fuatilia cheti cha zuio umkabidhi yeye mkononi, kwa sababu ni kodi iliyolipwa kwa jina lake.

Upande wako, posho inayolipwa taslimu kwenye sekta binafsi huunganishwa na mshahara na kukatwa PAYE. Mtumishi wa serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya bajeti ya serikali, ana nafuu: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaitoa posho yake ya nyumba kwenye mapato yanayotozwa. Walimu na wauguzi wa Temeke, angalieni hati zenu za mshahara. Ikiwa imekatwa kodi, ulizeni.

Sheria hiyohiyo ya 2004 inawaita jamaa watu wengi kuliko unavyodhani: mzazi, mtoto, mwenzi wa ndoa, babu na bibi, mjukuu, ndugu, shangazi, mjomba, mpwa, hata binamu wa kwanza. Wenye uhusiano wa namna hii wakifanya biashara, TRA ina mamlaka ya kuuliza bei ingekuwa kiasi gani kama wasingejuana. Chumba kinachopangishwa kwa 80,000 mtaa mzima kisigeuke cha 250,000 kwa sababu tu kampuni ndiyo inayolipa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona vijana wakipoteza kazi. Mnaandika 250,000, shangazi anachukua 100,000, nyinyi mnarudi na iliyobaki. Siku mkaguzi akija kumuuliza jirani wa chumba cha pili analipa kiasi gani, yote yamekwisha. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinauweka udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi hata kama ni kosa lake la kwanza. Unaweza kulalamika CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, lakini utakwenda kusema nini?

Walioko Uingereza hukutana na swali lilelile likiwa kali zaidi, maana huko serikali ndiyo inayolipa, na huku Chamazi wapo wanaopigiwa simu kutoka Leicester au London kuulizwa “wewe unajua mambo ya karatasi, nifanyeje?” Aliye kwenye umri wa kufanya kazi kwa kawaida hudai msaada wa kodi kupitia Universal Credit; aliyefikia umri wa pensheni bado hudai Housing Benefit kwa halmashauri yake. Kwa njia zote mbili, ukiishi nyumba moja na mwenye nyumba ambaye ni ndugu wa karibu, hulipwi. Orodha yao ya ndugu wa karibu ni fupi: mzazi, mtoto, kaka na dada, wakwe, wa kambo, na wenzi wao. Baba mdogo, mjomba, shangazi na binamu hawamo. Basi asiandike kwenye fomu kwamba mwenye nyumba ni kaka yake wakati ni mtoto wa baba mdogo. Kwa mazoea yetu ni sahihi, kwenye fomu ile anajifungia mlango mwenyewe.

Hata huyo wa nje ya orodha, au ndugu wa karibu anayepangisha nyumba asiyoishi, ataulizwa kama upangaji ni wa kibiashara. Maofisa huangalia kama kodi inalipwa kweli, kama nyumba ingepangishwa mtu mwingine, na mwenye nyumba atafanya nini usipolipa. Upangaji uliotungwa ili fedha ya serikali ipatikane hukataliwa. Na mwenye viza isiyoruhusu misaada ya umma asijaribu kabisa, hata mkataba wake ukiwa safi namna gani. Kitakachohojiwa ni viza.

Kwa wakazi wa Chamazi, uzito wa kuwa mpangaji asiye na karatasi haukuanzia kwenye posho. Katikati ya miaka ya 2000, upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, fidia ilikwenda kwa wenye nyumba, na wapangaji wakabaki mikono mitupu. Baadhi yao, kupitia vikundi vya kuweka na kukopa na kwa msaada wa Centre for Community Initiatives, walinunua ekari 30 hapa Chamazi wakaanza kujijengea upya. Fidia ya namna ile hufuata umiliki, na mkataba wa pango usingewapa nyumba. Lakini aliyeishi kwa ndugu bila karatasi hawezi kuonyesha hata kodi aliyotanguliza.

Hilo hutokea kimyakimya zaidi shangazi anapofariki. Umelipa miezi sita mbele, arobaini haijafika, watoto wake watatu wanakuja kila mmoja kwa wakati wake: mmoja anataka kodi, mwingine anataka chumba, wa tatu anasema mama hakuwahi kukutoza, ulikaa kwa huruma. Toa mkataba na daftari, waambie muda uliolipiwa unaisha lini. Baada ya hapo usimpe fedha yeyote mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi naye akuonyeshe hati ya uteuzi. Kwa Temeke mashauri hayo yanasikilizwa kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya mirathi na ndoa. Fedha ya kodi iweke kando mwezi kwa mwezi, usiile. Mkishindana kuhusu chumba, anzeni Baraza la Ardhi la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwajiri naye mpe taarifa mapema kwamba mwenye nyumba amefariki, kwa sababu risiti inayofuata itakuwa na sahihi nyingine na mhasibu atauliza.