Uovu Ulitoka Wapi?

Mama mmoja ametuletea barua fupi. Mtoto wake wa miaka minne alifariki kwa malaria. Siku ya tatu ya matanga, mzee mmoja mwenye nia njema akamwambia kwamba Mungu huchuma maua anayoyapenda. Mama huyo anauliza: je, basi ni Mungu aliyemwua mwanangu? Na kama si yeye, ni nani? Swali hili si dogo wala si geni. Juma hili tulifuate kwa Mwafrika mmoja aliyehangaika nalo kuliko wengi.

Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo umo nchini Algeria. Alipokuwa na umri wa miaka 16, yeye na vijana wenzake walikwenda usiku kwenye mti wa jirani, wakaiba matunda, wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa, na yeye mwenyewe alikuwa na matunda mazuri kuliko hayo. Baadaye, akiwa askofu, aliandika kurasa nyingi juu ya wizi huo, hata wasomaji wengine wameona anatia chumvi. Lakini kilichomtisha si thamani ya matunda. Kilichomtisha ni kwamba alilipenda kosa lenyewe.

Huko Karthago alidhani amepata jibu kwa wafuasi wa Mani, mtu wa Babeli aliyeishi katika karne ya tatu. Hao walifundisha kwamba tangu mwanzo zipo enzi mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba dunia ni mchanganyiko wa hizo mbili. Basi ukitenda dhambi, ni giza lililomo ndani yako linalotenda. Mafundisho matamu hayo! Agostino alikaa nao miaka ipatayo tisa. Maswali yalipomzidi akaambiwa amngoje Fausto, askofu wao mashuhuri. Fausto alipofika, Agostino alikuta msemaji hodari asiye na majibu. Wa namna hiyo hatujawakosa hata sisi.

Mwaka 387 Agostino alibatizwa Milano na Askofu Ambrosi. Jibu lake likawa hili: ikiwa Mungu ameumba vyote, na vyote alivyoviumba ni vyema, basi uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu, ni kukosekana kwa wema mahali unapostahili kuwapo. Fikiria tundu katika kanzu. Huwezi kwenda sokoni ukanunua tundu. Ukiichoma kanzu yote, tundu nalo halipo tena. Hata Shetani, kwa imani ya Wakristo, aliumbwa malaika mwema, akageuka kwa hiari yake. Wako wahubiri wanaomtaja kana kwamba ni mungu wa pili, anayepigana na wa kwanza nguvu sawa kwa sawa. Hilo ni fundisho la Mani lililovaa joho la Kikristo.

Lakini kwa nini hiari iliyo njema igeuke? Hapo Agostino alikiri kwamba kutafuta chanzo ni kama kutaka kuliona giza kwa macho au kuusikia ukimya kwa masikio. Mimi namheshimu kwa kukiri hivyo.

Je, uovu una kusudi? Kusudi lake wenyewe hauna; ila Mungu, alisema Agostino, ameona heri kutoa mema katika mabaya kuliko kutoruhusu baya lolote. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, na kwa safari hiyo hiyo akaja kuwaokoa na njaa. Kabla yake Ireneo, Askofu wa Lyon katika karne ya pili, alifundisha kwamba mwanadamu aliumbwa kama mtoto, hajakomaa, naye hukua kwa kujua mema na mabaya.

Mafundisho haya yana uzito, lakini yana hatari yakibebwa ovyo hadi msibani. Kusema kwamba Mungu anaweza kutoa jema katika kifo si sawa na kusema kwamba alikitaka kifo hicho. Agostino mwenyewe aliyahesabu mateso yetu kuwa adhabu itokanayo na dhambi ya Adamu, hata kwa watoto wachanga. Hapo mimi nashindwa kumfuata mpaka mwisho. Rafiki zake Ayubu nao walikuwa na maelezo kamili ya kila jeraha lake, na mwisho wa kitabu ni wao waliokasirikiwa na Mungu. Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa na hatia kuliko wenzao. Na kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atakalofanya, alilia.

Kwa hiyo, mama, hakuna andiko linalokulazimisha kumsadiki yule mzee wa maua. Malaria ni ugonjwa, na kuupiga vita si kushindana na Mungu. Agostino alipofiwa na mama yake, Monika, mwaka ule ule wa 387, alijizuia asilie mbele za watu, akiona machozi hayamfai mtu wa imani. Baadaye, akiwa peke yake kitandani, aliyaachia yatoke. Aliyaandika hayo bila kuficha, akimwomba msomaji asimcheke.