Michoro yalisha tembo yatima Nairobi
Mfanyabiashara wa njia ya Voi hadi Holili humjua tembo kwa hasara: shamba lililokanyagwa, lori lililosimama gizani. Nairobi, kwenye kituo cha Sheldrick Wildlife Trust, ndama yatima hunyonyeshwa chupa kila baada ya saa 3, usiku mlezi akilala naye zizini. Maziwa ya ng'ombe hayamfai. Daphne Sheldrick alizika ndama wengi kabla mafuta ya nazi hayajampa jibu.

Bili ni kubwa. Wafadhili huchangia kuanzia dola 50 kwa mwaka, na kila mwezi hutumiwa mchoro wa rangi za maji wa Angela, bintiye Daphne. Bei nzuri, kwa maoni yangu.

Wakikua huachiliwa Tsavo, ambako tembo huvuka hadi Mkomazi, Tanzania, bila hati ya kusafiria.