Kasi ya Seva Ipimwe kwa Hati Zetu

Siku hizi mwanafunzi wa chuo kikuu aghalabu huituma tasnifu yake kwa mtandao. Seva huipokea, huigeuza iwe PDF, kisha huyachambua maneno yake na kuyalinganisha na maandishi mengine ili kutambua wizi wa kitaaluma. Programu moja hubeba amana ya maelfu ya watu. Je, kabla ya kukabidhiwa amana hiyo, hupimwa vipi?

Mara nyingi muuzaji hujigamba kwa wastani. Atasema kwamba hati moja huchukua sekunde 2 tu. Lakini wastani ni pazia. Ikiwa hati 99 zimechukua sekunde 1 kila moja, na ya 100 ikachukua sekunde 101, wastani utakuwa ni sekunde 2 zizo hizo. Mwenye hati hiyo ya mwisho hapati faraja yoyote humo. Ndiposa mpimaji makini hudai aonyeshwe pia muda wa hati zilizochelewa zaidi.

Jambo la pili ni msongamano. Mwaka wa 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi: kwa wastani, idadi ya walio katika foleni pamoja na wanaohudumiwa ni sawa na kasi ya kuwasili kwao ikizidishwa kwa muda wanaokaa humo. Hati 50 zikiwasili kila sekunde, na kila moja ikakaa sekunde 4, seva itakuwa imebeba hati 200 kwa wakati mmoja. Ikiwa ina uwezo wa kubeba 100 tu, foleni itazidi kurefuka, na wengine watafungiwa nje. Nasi walimu twaijua desturi ya wanafunzi wetu: kazi ya muhula mzima huwasilishwa saa ya mwisho. Kuijaribu programu kwa hati kumi katika asubuhi tulivu ni kama kupima uimara wa daraja kwa kumpitisha mbuzi mmoja.

Hata hivyo, kwa jicho la mwanaisimu, lililo zito zaidi ni lugha ya hati za majaribio. PDF, iliyozinduliwa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993, kimsingi huhifadhi mahali pa kila herufi ukurasani. Si lazima ihifadhi mipaka ya maneno. Yabidi programu iyaunde maneno upya. Sasa tazama neno ng'ombe. Ritifaa yake yaweza kuandikwa kwa misimbo tofauti ya Unicode, na programu isiyolitambua hilo hulikata neno vipande viwili, 'ng' na 'ombe'. Vivyo hivyo, 'hawakutuandikia' ni neno moja kwetu, ilhali Mwingereza huhitaji maneno sita. Hakuna orodha ya maneno mazima iwezayo kuyameza maumbo yote ya kitenzi cha Kiswahili. Sharti viambishi vichanganuliwe, na kazi hiyo huongeza mzigo wa seva. Kwamba yawezekana, Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alilidhihirisha kwa mfumo wake uitwao SALAMA.

Kwa hivyo, seva iliyopimwa kwa Kiingereza pekee bado haijapimwa kwa Kiswahili. Huenda ikawa na kasi, lakini ikawa kasi ya kukosea: mwizi wa maandishi apenye, na mwenye jasho lake ashukiwe. Kwa mwanafunzi, hapo ndipo shahada ilipo.

Nionavyo mimi, vyuo vyetu visitie sahihi mkataba wowote kabla ya programu kujaribiwa kwa wingi wa siku ya mwisho, na kwa tasnifu za Kiswahili ambazo wenyewe wameridhia zitumiwe. Idara za Kiswahili na za tarakilishi ziketi meza moja kuzichagua hati hizo. Tukiwaachia wengine mizani, tusishangae lugha yetu ikipunjwa.