Mchicha Uache Gengeni, Mnanaa Ulete Roshani

Ukitaka kujua kama bustani ya ghorofani inalipa, bei ya mbegu haitakusaidia. Anza na fungu la mchicha. Tuchukulie kuwa gengeni kwenu, Dar es Salaam, fungu ni shilingi 500. Kama ni 300 au 1,000, badilisha namba na uendelee na hesabu ileile. Kila shilingi unayotaka kuiweka kwenye ndoo, udongo na samadi igeuze kuwa mafungu, kisha ujiulize ndoo itayarudisha lini.

Twende na ndoo ya rangi ya lita 20 iliyokwishatumika. Tuseme umeipata kwa 3,000, na udongo na samadi ya kuijaza vimekugharimu 2,000. Hapo umeshalipa mafungu kumi na hujanunua mbegu. Mdomo wa ndoo hiyo una upana wa sentimita 30 hivi, eneo lisilofika hata sehemu ya kumi ya mita moja ya mraba. Mkulima mwenye tuta zuri akivuna kilo 2 hadi 3 za mchicha katika mita ya mraba, amefanya kazi nzuri. Kwa kipimo hicho ndoo yako itatoa gramu 150 hadi 200 kila baada ya wiki nne, ambazo ni nusu fungu ukipendelewa. Ndoo itarudisha fedha yake baada ya mwaka na nusu hivi, bila kuhesabu maji. Na nyumba inayokula mchicha mara mbili kwa wiki inahitaji ndoo kumi na sita ili isiende gengeni. Roshani ya fleti ya vyumba viwili ina nafasi ya kuanikia nguo na kiti kimoja.

Ipo sababu moja ya kuupanda mchicha hata kama hesabu inakataa, nayo ni kujua umemwagiliwa maji gani. Mabonde ya Dar yanalisha jiji mboga, na baadhi ya mito yake hubeba maji machafu ya viwandani na majumbani. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya kadimiamu, shaba, risasi na zinki katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Mwenye mtoto mdogo anayeanza kula anaweza kuamua kwamba fungu la nyumbani lina thamani kubwa kuliko 500. Huo ni uamuzi halali, mradi ajue ananunua utulivu wa moyo na wala haokoi fedha.

Fedha inaokolewa kwenye viungo vya majani. Fikiria mnanaa. Unanunua kifungu kwa ajili ya chai au juisi ya ndimu, unatumia vijiti vitatu, vinavyobaki vinakuwa vyeusi kwenye friji. Rehani na giligilani ni hivyohivyo. Hasara hapa iko kwenye kile unachokitupa kuliko hata bei ya kifungu. Mmea ulio dirishani unakupa majani manne unapohitaji manne. Tena mbegu ni ya bure: chukua kijiti cha mnanaa katika kifungu hichohicho ulichonunua, ondoa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji, na baada ya wiki moja au mbili kitakuwa na mizizi. Rehani nayo hukubali njia hii. Mchaichai unataka shina lenye kitako chake cha chini, hivyo mwambie muuzaji asilikate. Chombo cha viungo hivi ni kopo la sado la lita nne, lililotobolewa chini. Tuseme kopo na udongo ni 1,500. Kama kifungu cha mnanaa sokoni ni 1,000 na nusu yake huishia kwenye pipa, kopo limejilipa ukishaepuka kununua vifungu viwili.

Giligilani ina kasoro yake, nayo ni joto. Pwani, hasa kati ya Desemba na Machi, hukimbilia kutoa maua kabla haijatoa majani ya kutosha. Ipande kuanzia Mei hadi Agosti. Usinunue pakiti ya mbegu zake. Zile kavu za duka la viungo, zikiwa hazijakaangwa, huota ukizipasua kidogo na kuziloweka usiku mmoja. Pilipili, mbuzi au kichaa, ndiyo ningeichagua kama roshani ingekuwa na nafasi ya ndoo moja tu, kwa kuwa mmea mmoja ukitunzwa huzaa kwa miezi mingi na nyumba chache zina uwezo wa kuimaliza pilipili ya mmea mzima.

Katika mboga za kupika, matembele ndiyo pekee ninayoyapa nafasi. Vijiti ulivyochuma majani yake jikoni vinachomekwa kwenye udongo na kushika. Baada ya wiki tano hivi unaanza kuchuma, na unaendelea kuchuma. Mchicha umefungwa na upana wa mdomo wa ndoo. Matembele hutoka nje, yakaning'inia, yakajitafutia jua pembeni, kwa hiyo ndoo ileile inatoa mboga nyingi zaidi. Wa Nairobi ana baridi ya kumsaidia na anaweza kusema hivyohivyo kuhusu sukuma wiki, ambayo huchumwa majani ya chini kwa miezi huku ikirefuka. Kule Kibera bustani za magunia zimetumia sifa hiyo: gunia la udongo limesimamishwa, nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, na miche imechomekwa ubavuni pande zote. Nafasi ya gunia moja sakafuni inabeba miche mingi kuliko ndoo tatu.

Nyanya niruhusu nizikatae. Kila mche unataka ndoo yake ya lita 20, jua la saa sita au zaidi kwa siku, mti wa kuushikilia, na miezi miwili hadi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni. Kisha anakuja kantangaze, yule mdudu wa nyanya anayewafilisi wakulima, naye anaweza kufika hata ghorofani. Msimu ambao nyanya zako zinaiva mara nyingi ndio ambao sado ya nyanya sokoni imeshuka bei. Kabichi na karoti hazihitaji hata mjadala.

Kabla ya kununua chochote, tazama roshani yako inaelekea wapi. Hili huamua zaidi kuliko pochi. Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mapema Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na Juni ndipo linapoinama zaidi, kwa hiyo roshani ya kaskazini hupata mwanga mzuri hadi ndani. Miezi iliyobaki jua hupita kusini, lakini liko juu sana, na sakafu ya jirani wa juu yako hulikinga. Roshani ya kusini basi ni ya kivuli karibu mwaka mzima: weka mnanaa na vitunguu vya majani, uridhike. Ya mashariki ndiyo bora, kwani ina jua la asubuhi kila mwezi. Ya magharibi hupata jua kali la alasiri linalochoma mnanaa, ila pilipili, mchaichai na matembele hulivumilia. Muuza miche wa kando ya barabara hatakuuliza swali hili. Atakuuzia kilichopendeza siku hiyo.

Sasa vyombo. Chungu cha udongo kinapendeza, kinapumua, ni kizito na hukausha maji haraka; kwa joto letu utamwagilia mara mbili kwa siku. Ndoo ya plastiki ni rahisi na hutunza unyevu. Ndoo iliyokuwa na rangi ya maji inaoshwa na kutumika, lakini ya rangi ya mafuta iache, kwa kuwa rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na risasi, na usikubali kamwe dumu lililobeba dawa za mashambani au kemikali. Kiroba cha unga cha sandarusi ni karibu bure na hudumu mpaka jua likile, pengine mwaka. Mpangaji asiyejua atahama lini aanze na viroba.

Udongo ndipo unapoliwa hela bila kujua. Udongo mweusi unaouzwa kwa mfuko mara nyingi ni mfinyanzi. Ukikauka kwenye ndoo hugeuka tofali. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Samadi ya kuku ambayo bado inanuka huunguza mizizi, kwa hiyo iache ikae kwanza. Mfuko wa udongo tayari wa dukani una nafuu ya muda tu, na kwa makopo manne ya viungo siuoni ulazima wake.

Kumbuka uzito. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufika kilo 30. Kumi ni kilo 300, na zote zikipangwa ukingoni mwa roshani ya jengo la zamani, mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Zipange karibu na ukuta, na usitundike chochote upande wa nje wa vyuma.

Maji hayatishi kama watu wanavyodhani. Makopo manne na ndoo mbili hunywa lita tano hivi kwa siku, sawa na lita 150 kwa mwezi, wakati uniti moja ya bomba ni lita 1,000. Hesabu hubadilika unaponunua kwa dumu wakati wa mgao. Hapo tumia maji ya kuoshea mchele. Tatizo kubwa zaidi ni visima vya chumvi vinavyolisha fleti nyingi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikiungua, ndiyo chumvi hiyo. Kinga maji ya mvua na umwagilie nayo mpaka yatiririke chini. Yakitiririka, yasimwagikie nguo za jirani wa chini, wala yasisimame kwenye sahani za chini ya vyombo zaidi ya siku chache. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji safi kidogo kama hayo.

Wapo wanaouza minara na mabomba ya kilimo cha maji bila udongo. Ni kweli hufanya kazi, na mboga hukua upesi. Lakini unalipia pampu, unalipia virutubisho kila mwezi, unalipia LUKU, na umeme ukikatika mchana wa Januari mizizi iliyo ndani ya bomba huanza kukauka baada ya saa chache. Kwa bei ya seti moja utanunua mafungu mamia. Mwenye mgahawa anayehitaji saladi kila siku anaweza kuifikiria.

Kwa fleti ya kawaida ningetenga kama shilingi 15,000: makopo manne ya mnanaa, rehani, mchaichai na vitunguu vya majani, ndoo moja ya pilipili na kiroba kimoja cha matembele. Vitunguu hununui mbegu. Chomeka vile vilivyoanza kuchipua jikoni. Siku ya kuhama, mwaga udongo kwa jirani anayeutaka, kata kijiti kimoja kimoja cha kila mmea unaoshika kwa kijiti uvifunge kwa kitambaa kilicholowa, na vyombo vitupu viingie kwenye kirikuu vikiwa vimepachikana.